Mwana wa Nani? Kisa cha jina Mwanaisha na kiwanja cha Bi Asha

Majina ya watu, mtaa, mahakama na ofisi nimeyaondoa, na mambo madogo madogo ya familia nimeyageuza ili wenyewe wasijulikane. Jina linalobishaniwa nimelibakiza kama lilivyo, maana ukiligeuza hilo kisa chote kinakufa. Ninawaandikia walimu wenzangu wa Kiswahili, makarani wa usajili, na yeyote atakayeombwa siku moja "aeleze tu maana ya jina" kwa barua. Mimi niliombwa, nikaeleza, nikakosea.

Marehemu na karatasi zake

Marehemu alikuwa bibi wa pwani ya kaskazini ya Tanga, upande wa kuelekea mpaka wa Kenya, ambako watu huoana huku na huko kama vile mpaka haupo. Alizaliwa kijijini kabla ya Uhuru, bila cheti cha kuzaliwa. Mume wake alitangulia. Aliacha watoto watano, wa kiume wawili na wa kike watatu, minazi kadhaa, nyumba ya kijijini, na kiwanja kimoja mjini ambacho alipokinunua kilikuwa pori na leo kinatazamana na barabara ya lami. Kiwanja hicho ndicho kilicholeta maneno.

Mwanawe wa kwanza nilifundisha naye miaka mingi. Ukoo ulikaa kikao, ukampendekeza awe msimamizi wa mirathi, muhtasari ukaandikwa, barua ya serikali ya mtaa ikapatikana. Alipofika mahakama ya mwanzo, karani alizipanga karatasi za marehemu mezani, akazitazama, kisha akamuuliza: "Mwalimu, hawa mama wako wangapi?"

Swali lilikuwa la haki. Cheti cha ndoa, kilichoandikwa na sheikh wa zamani, kilisema Mwana Aisha, maneno mawili. Kadi ya kupigia kura ilisema Mwanaisha. Cheti cha kuzaliwa cha binti wa mwisho, ambaye sasa anafanya kazi Muscat, kilimtaja mama yake kuwa Mwanasha. Kitambulisho cha taifa kiliweka MWANA kwenye nafasi ya jina la kwanza, AISHA kwenye jina la kati na jina la baba yake kwenye la mwisho, na cheti cha kifo kikanakili vivyo hivyo. Ile karatasi ya mauziano ya kiwanja, iliyoandikwa kwa mkono na karani wa kijiji asiyejulikana tena aliko, ilimtaja mnunuzi kwa maneno mawili tu: Bi Asha. Chini yake pana dole gumba. Basi.

Ombi lililonifikia

Karani alishauri itafutwe barua ya mtu wa lugha, ieleze kwamba majina hayo yote ni jina moja. Mwenzangu akanijia. Nilijiona ninafaa: nimefundisha Kiswahili zaidi ya miaka ishirini, na jina lenyewe nililiona jepesi. Sikumuuliza mtu. Niliandika jioni hiyohiyo.

Katika barua nilisema kwamba Mwanaisha ni jina ambatani, yaani limeundwa kwa maneno mawili: *mwana*, lenye maana ya mtoto, na Aisha. Nikatoa mifano ya Mwanajuma, aliyezaliwa Ijumaa, Mwanahamisi, aliyezaliwa Alhamisi, na Mwanaidi, aliyezaliwa sikukuu. Nikamalizia kwamba kuandikwa kwa maneno mawili au moja ni tofauti ya tahajia tu. Nilidhani nimemaliza kazi.

Niseme kwa nini niliamua hivyo, maana uamuzi ule haukuwa wa kipumbavu kabisa. Kiswahili cha leo kinatumia *mwana* kila siku kuunda maneno: mwanafunzi, mwanasheria, mwanahabari, mwanajeshi. Hata mwanasesere. Mtu aliyezoea kufundisha uundaji wa maneno akiona Mwanaisha, kisu chake kinakata papo hapo. Tena nilikuwa nafikiria shida ya karani, ambayo ilikuwa nafasi kati ya *Mwana* na *Aisha*. Niliitibu nafasi. Sikufikiria kwamba barua itasomwa na watu wengine.

Barua ilivyosomwa

Siku ya kusikilizwa walikuja watoto wa kaka yake marehemu. Huyo kaka alikuwa amekwishafariki, lakini mama mzazi wa wote wawili, yeye na marehemu, alikufa kabla yake. Wapwa hawakuja na wakili. Walikuja na barua yangu.

Hoja yao ilikuwa fupi na, nakiri, nzuri. Mwalimu mwenyewe ameandika kwamba *mwana* ni mtoto. Basi shangazi yao ni mwana wa Aisha. Aisha ni nani? Ni mama yake, bibi yao wao. Na karatasi ya kiwanja inasema mnunuzi ni Bi Asha. Kwa hiyo kiwanja ni cha bibi, na baba yao alikuwa na fungu lake mle, mafungu mawili kwa moja la dada yake, na fungu la baba yao limewashukia wao.

Anayejua mirathi ya Kiislamu ataona uzito wake. Kiwanja kikiwa cha marehemu mwenyewe, ana watoto wa kiume, na watoto wa kaka hawapati kitu. Kikiwa cha mama yake, hesabu inageuka yote. Kila kitu kilining'inia kwenye silabi mbili za mwanzo wa jina.

Je, wapwa hawakulijua jina la bibi yao wenyewe? Hawakulijua, na sidhani walikuwa wakisema uongo. Alikufa wakiwa wadogo, na nyumbani kila mtu alimwita Bi Mkubwa. Watoto wa marehemu nao walimjua kwa jina hilohilo. Wasomaji wa pwani hawatashangaa. Wangapi wetu tunaweza kutaja jina la kuzaliwa la mama wa bibi?

Shauri likaahirishwa. Mwenzangu hakunilaumu kwa mdomo.

Kijijini

Safari hii nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nilipanda gari nikaenda kwa wazee. Nilipelekwa kwa bibi mmoja rika la marehemu, macho hayaoni vizuri lakini masikio mazima. Nikampa shikamoo, nikajieleza, nikamuuliza marehemu walikuwa wakimwitaje.

"Mwana," akajibu.

"Mwana nani, bibi?"

"Mwana tu. Ukitaka kumtofautisha na wengine, Mwanaisha. Wote walikuwa mwana nyumba ile."

Nikamwambia kwamba mjini tunasema mwana ni mtoto. Akacheka hadi akakohoa. "Mwanangu, mtoto ni wewe. Mwana ni bibi. Ni mwanamke mwenye heshima zake, wa nyumba ya watu."

Hapo nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa nikilijua jambo hilo. Nilikuwa nikilijua upande wa fasihi tu, kama vile halina miguu ya kutembea mpaka mtaani. Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake wasia mwaka 1858 huko Lamu, hakuwa mtoto wa mtu aitwaye Kupona. Mwana Khadija aliyetawala Pate karne ya 18 alikuwa Khadija mwenyewe. Unguja ilikuwa na malkia Mwana Mwema katika karne ya 17, na wazee wa Mombasa huanza historia ya mji wao kwa Mwana Mkisi. Katika majina yote hayo, *mwana* ni cheo, sawa na *bwana* au *mwinyi* kwa wanaume. Nimewafundisha wanafunzi Mwana Kupona mara ngapi? Na bado nilipoketi kuandika barua nilimsahau.

Mjukuu wa yule bibi ndiye aliyekumbuka daftari. Ukoo wa marehemu, kama koo nyingi za huko, ulikuwa na orodha ya maiti wao wanaotajwa kwenye khitma, kisomo cha kuwaombea. Iliandikwa na babu mmoja kwa herufi za Kiarabu, wino umepauka, kurasa zimeliwa na mende pembeni. Tulimwita maalimu wa madrasa atusomee, tukasoma pamoja neno kwa neno.

Mambo matatu yalitoka mle. La kwanza, karibu wanawake wote wa nyumba ile walikuwa na *Mwana* mbele: Mwana Khadija, Mwana Hawa, Mwana Halima. Kama mwana ni "mtoto wa", basi ukoo mzima haukuwa na mwanamke mwenye jina lake mwenyewe. La pili ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa kuwa ni sarufi tupu: kila jina lilifuatwa na *binti* fulani, na huyo fulani ni mwanamume. Mwana Aisha mmoja wa zamani, ambaye marehemu alirithishwa jina lake, aliandikwa "Mwana Aisha binti" kisha jina la baba. Kazi ya kusema mtoto wa nani imeshafanywa na *binti*. *Mwana* haina nafasi ya kuifanya mara ya pili. La tatu, Bi Mkubwa alikuwamo, na jina lake lilikuwa Mwana Halima.

Barua ya pili, na uamuzi wa kuiandika kwa kujikana

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kuandika nyongeza laini, nikasema barua ya kwanza "haikufafanua vya kutosha". Au ningeweza kuandika kwamba barua ya kwanza ilikuwa na kosa na ninalifuta. Mwenzangu alitaka njia ya kwanza, akiogopa kwamba shahidi anayejipinga haaminiki. Nilikataa. Wapwa walikuwa na nakala ya barua yangu mkononi. Nyongeza laini wangeipasua katikati mbele ya hakimu.

Nikaandika kwamba nilitafsiri *mwana* kwa maana ya kawaida ya leo, na kwamba katika majina ya ukoo huu ni cheo cha heshima cha mwanamke. Nikaeleza kwamba majina ya pwani yanayoanza na *mwana* yana angalau asili mbili, na mimi nilizichanganya. Kuna kundi la siku na nyakati: Juma na Hamisi peke yake ni majina ya kiume, na ukiweka *mwana* mbele unapata ya kike. Kuna kundi la cheo, ambapo jina lililofuata tayari ni la mwanamke: Aisha, Hawa, Khadija. Mwanaisha ni la kundi la pili.

Kisha nikaeleza sauti. Jina la Kiarabu la mke wa Mtume, binti Abubakari, lilipoingia Kiswahili lilipoteza ile sauti ya ain ya mwanzo, herufi ya Kiarabu itamkwayo kooni, na likapata sura kadhaa: Aisha, Asha, Esha. Kila sura ikiungana na *mwana*, irabu mbili zinazogongana hupungua: Mwana na Aisha likawa Mwanaisha, Mwana na Asha likawa Mwanaasha kisha Mwanasha, na wapo akina Mwanesha, kwa njia ileile *ma-ino* yalivyokuwa meno na *wa-izi* wakawa wezi. Sheikh aliyeandika cheti cha ndoa alifuata mazoea ya herufi za Kiarabu, ambako cheo na jina husimama mbalimbali. Waliofuata waliandika walivyosikia.

Ikabaki "Bi Asha" ya kwenye karatasi ya kiwanja, na hapo ndipo nilipotumia muda mwingi. Nilimuuliza mwenzangu yule karani wa kijiji alikuwa mtu wa wapi. Akasema wa bara, aliletwa kikazi. Basi! Mtu wa bara haoni *mwana* kuwa heshima. Akimwandika mama mtu mzima "Mwana Asha" anahisi kama amemwita mtoto. Akachukua cheo anachokijua yeye, akaweka Bi. Bi Asha na Mwana Asha ni kitu kimoja, ila cheo kimevalishwa nguo ya kwingine. Kwenye barua nililisema hilo kama tafsiri inayoelekea, sikulisema kama hakika, kwa sababu karani mwenyewe hakupatikana.

Shangazi mmoja wa familia alinipa maelezo mengine kabisa. Kwake, jina ni "mwana aishi": mama wa marehemu alikuwa amezika watoto wawili kabla, akaomba huyu adumu. Kwa kawaida maelezo ya namna hii huwa ni hadithi inayotungwa baada ya jina. Hii ina kichekesho chake: Aisha kwa Kiarabu ni mwenye kuishi, na *ishi* yetu na *maisha* yetu zimetoka kwenye mzizi huohuo. Shangazi alifika palepale kwa njia ya uani. Sikuiweka kwenye barua. Ilikuwa nzuri mno, na ingewarudishia wapwa *mwana* ya mtoto.

Matokeo

Wazee wawili waliapa kwamba walimjua marehemu kwa majina hayo yote. Maalimu alithibitisha usomaji wa daftari, na daftari lenyewe likaletwa likaonwa. Hakimu hakuingia sana kwenye isimu. Alichokishika ni kwamba Bi Mkubwa alikuwa Halima, kwa hiyo "Bi Asha" hawezi kuwa yeye. Kiwanja kikahesabiwa katika mali ya marehemu na mwenzangu akateuliwa msimamizi. Wapwa hawakukata rufaa, lakini Idi iliyofuata hawakuja kula pilau.

Binti wa Muscat alisumbuka zaidi ya wote. Karatasi zake zote zimejengwa juu ya cheti kinachomtaja mama Mwanasha, na kila ofisi ilitaka hati ya kiapo yake yenyewe. Ilimchukua miezi, akituma sauti za WhatsApp usiku wa manane, nyingine za kulia. Kwake yeye barua yangu haikusaidia kitu.

Kilichofanya kazi na kilichoharibika

Kosa la kwanza si kwamba nilikuwa sijui. Nililichukua jina kama neno la kamusi, nikalipasua, nikadhani vipande vitasema. Jina ambatani halisomeki hivyo. Saadani ilikuwa na Bwana Heri, aliyepigana na Wajerumani mwaka 1889. Leo mtoto akiitwa Bwanaheri hakuna anayemdhania kuwa mume wa Heri. Cheo kimelowea ndani ya jina. Siti ni hivyohivyo: ni neno la heshima kwa bibi, na Siti binti Saad hakuzaliwa nalo, alizaliwa akaitwa Mtumwa. Kinachosema maana ni mazoea ya nyumba inayotoa jina, na hayo hayamo kwenye shina la neno.

Kosa la pili ni la mpangilio: niliandika kwanza, nikauliza baadaye. Safari ya kijijini ilinigharimu siku moja na nauli. Ningeitangulia, wapwa wasingepata silaha.

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni kufuta barua ya kwanza waziwazi, na lile *binti*. Hoja ya *binti* haikuhitaji mtaalamu. Hata washauri wa mahakama, wazee wasio na shule kubwa, waliikubali kwa kutikisa kichwa kabla sijaimaliza. Hoja yangu ya irabu, niliyojivunia nayo, sidhani kuna aliyeisikiliza.

Jina ni adimu kwa nani?

Wapwa walisema jambo jingine mahakamani ambalo halikujibiwa vizuri: kwamba Mwanaisha ni jina lisilo na watu, pengine limebuniwa. Kwa mtu wa Dodoma au Mwanza linaweza kuonekana hivyo. Vuka mpaka uende Kwale au Mombasa, utaitikiwa na Mwanaisha katika kila harusi. Unguja na Pemba wamo akina Mwanaasha. Sehemu ya uadimu wake ni ya maandishi: jina moja limegawanywa katika sura nne tano, na baadhi ya wenye nalo wamehesabiwa kama Mwana, wengine kama Aisha au Asha. Fomu ya nafasi tatu hulipasua, na likishapasuliwa mwenye nalo hupoteza jina la ukoo, maana nafasi imekwisha. Asha-Rose Migiro ameokolewa na kistari. Majina ya bibi zetu hayana kistari.

Sehemu nyingine ya uadimu ni ya kweli. Wazazi vijana wa pwani wanampa mtoto Aisha kavu, au Ilham, au Nasra. Mwana- inawasikikia kizee, ya vibanda vya makuti. Katika daftari la madrasa ya mtaani kwetu nilimkuta Mwanaisha mmoja katikati ya akina Aisha wengi, na huyo alipewa jina la bibi kwa amri ya babu.

Na bado. Wakati shauri linaendelea, mke wa mtoto wa mwenzangu alijifungua msichana. Mama wa mtoto, mtu wa Singida, alitaka Aisha, akisema amechoka na mambo ya Mwana hata kabla hayajamfika. Babu alitaka Mwanaisha. Siku ya akika walikubaliana: jina kamili, neno moja, na nyumbani kila mtu amwite apendavyo. Mama humwita Isha.

Baba wa mtoto alikwenda mwenyewe kuandikisha. Alilitamka polepole, akalitaja herufi kwa herufi, akasisitiza halina nafasi katikati. Binti wa kwenye kompyuta aliliandika sawasawa, akalitazama kidogo, akainua uso.

"Samahani kaka," akasema, "huyu Mwana ni mwana wa nani?"